Fundi Aliyekataa Kuapa

"Shuka, watu wako wamefika."

Ndivyo dada wa mapokezi alivyokuwa akiniambia kwenye simu, karibu kila asubuhi, na kila mara nilishuka ngazi nimenuna. Watu wangu! Siku moja walikuwa Wasomali, hatukuelewana hata salamu. Siku nyingine alikuwa bwana mmoja wa Kameruni aliyenisemesha Kifaransa cha haraka hadi nikaomba maji. Kwenye kampuni yetu ya uwakili, yenye ofisi kuu hapa Johannesburg na matawi mawili katika miji ya jirani, yeyote aliyevuka mto Limpopo kuja kusini alihesabiwa kuwa mtu wangu. Sababu ni kwamba nilizaliwa Bukavu na nilijua Kiswahili. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu kubwa, na shahada ya sheria ikafuata nyuma kama mkia.

Nilikuwa mwanagenzi wa uwakili. Yaani umeshamaliza chuo kikuu, lakini huwezi kuitwa wakili mpaka ufanye kazi chini ya wakili mwingine miaka miwili na kufaulu mitihani. Wanasema miaka hiyo ni ya kujifunza. Mimi nilijifunza kupanga foleni. Nilipanga foleni kwenye dirisha la kufungulia kesi, kwenye dirisha la kutafutia majalada yaliyopotea, na kwenye dirisha la kuuliza kwa nini dirisha lile lingine limefungwa. Nilijifunza kuandika namba za kurasa kwa mkono, kwa sababu mkuu wangu hakuziamini za kompyuta. Nilijifunza pia nani anakunywa kahawa bila sukari.

Mama yangu, msusi, alikuwa na kiti chake kwenye saluni moja ya Bertrams, na wateja wake wote walishajua kwamba binti yake ni avoka, yaani wakili.

"Maman, bado sijawa avoka," nilikuwa nikimwambia.

"Nyamaza. Utakuwa. Mi nasema mbele, wewe utafika nyuma."

Nilichokitaka ni kusimama mbele ya hakimu. Sheria ilituruhusu wanagenzi kusimama kwenye mahakama za chini, na wenzangu wawili walishasimama, mmoja wao hata zaidi ya mara moja. Mimi kila nilipoomba, mkuu wangu, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni na kuvaa viatu vya kamba, alinijibu bila kuinua kichwa kwamba kesi inayonifaa haijatokea. Halafu simu ingelia: shuka, watu wako wamefika.

Mwaka wa 2017, baridi ilipokuwa inaanza kukatika, nilishuka nikamkuta fundi cherehani.

Alikuwa mzee wa makamo, shati limefungwa vifungo hadi kooni, futi ya kupimia imechungulia mfukoni. Alitoka upande wa Uvira. Alikuwa amepanga chumba La Rochelle, lakini karakana yake ilikuwa Doornfontein, chini ya jengo la zamani ambalo mwenye jengo alitaka kuligeuza vyumba vya wanafunzi wa chuo. Wapangaji wengine walishaondoka. Fundi alikataa, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa bado una muda. Jumanne asubuhi akafika akakuta kufuli jipya mlangoni na mlinzi asiyemfahamu.

"Banafunga na nguo za batu ndani, binti yangu," aliniambia kwa Kiswahili cha kwetu, kinachosema ba badala ya wa. "Za batu! Zingekuwa zangu, ningenyamaza. Arusi ni Jumamosi."

Anayejua harusi za kwetu ataelewa mara moja. Familia ya bwana harusi ilikuwa imenunua kitambaa kimoja, jora kwa jora, na kila mtu, kuanzia shangazi mkubwa hadi mtoto anayebeba maua, alitakiwa kuingia kanisani amevaa kitambaa hicho hicho. Nguo zote zilishonwa na fundi mmoja ili zifanane. Suti ya bwana harusi nayo ilikuwa humo. Fundi alikuwa amebakiza vifungo na pindo tu. Mlango usipofunguliwa kabla ya Jumamosi, ukoo mzima ungeingia kanisani na nguo za vurugu, na yeye angekuwa fundi aliyeharibu harusi. Mjini hapa habari ya namna hiyo hufika La Rochelle kabla yako. Nani angempa kitambaa tena?

Kisheria kesi ilikuwa rahisi mno. Afrika Kusini mwenye jengo hawezi kumfungia mpangaji nje bila amri ya mahakama, hata angekuwa na haki ya jengo zima. Unakwenda kwa hakimu kwa dharura, unaonyesha kwamba mtu alikuwa ndani kwa amani na akatolewa kwa ubabe, na hakimu anaamuru arudishiwe mlango wake. Ugomvi mwingine baadaye. Nilimweleza mkuu wangu nikijua atasema kesi inayonifaa haijatokea.

"Hii nenda wewe," alisema. "Ijumaa asubuhi."

Nilishuka ngazi nikiimba.

Jumatano nilikaa na fundi hadi hati yake ikakamilika. Kesi kama hiyo haina mashahidi wa kusimama kizimbani. Kila kitu kimo kwenye hati ya kiapo, mtu anaeleza yaliyompata, anatia sahihi na anaapa kwamba ni kweli. Kumwapisha si kazi ya wakili wake, wala ya mtu yeyote wa kampuni yake, kwa hiyo mawakili wa Joburg wana mazoea ya kupelekeana watu. Sisi tulikuwa tukivuka barabara kwenda kwa wakili mmoja wa jengo la pili, na yeye akituletea wa kwake. Bwana huyo alikuwa mcheshi, lakini uapishaji wake ulikuwa wa kukimbizana. Aliuliza maswali yote matatu kwa pumzi moja, muhuri ukiwa tayari umeshaloweshwa wino.

Alhamisi asubuhi nikampeleka fundi. Unaelewa yaliyoandikwa humu, una pingamizi na kuapa, kiapo hiki kinakufunga dhamiri? Nikatafsiri.

"Ya kwanza, ndiyo," fundi alisema. "Ya pili, niko na pingamizi."

Muhuri ulibaki hewani. Nilidhani hakunielewa, nikarudia polepole.

"Nimesikia, binti. Mi siape. Bwana Yesu alisema tusiape hata kidogo, si kwa mbingu, si kwa dunia. Kwetu kanisani hatuapake."

"Eish," yule wakili alisema nilipomweleza. "Mwambie ni maneno tu."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini hata mimi, nitasema ukweli, nilitaka kumtikisa mabega yule mzee. Watu wanaapa mahakamani kila siku na mbingu haijaanguka! Wengine wanaapa uongo na bado wanakwenda kula chakula cha mchana. Yeye alikuwa na ukweli mtupu mkononi na alikataa kuunyoosha huo mkono.

Bahati nzuri sheria ina dawa yake. Asiyetaka kuapa anaruhusiwa kuthibitisha tu kwamba maneno yake ni kweli, na uthibitisho una nguvu ile ile ya kiapo. Nikamweleza. Akafikiri.

"Nikidanganya kwa huo uthibitisho, batanifunga?"

"Watakufunga."

"Sawasawa na aliyeapa?"

"Sawasawa."

"Basi ni kiapo, banakivalisha koti ingine. Ngoja niulize mchungaji."

Mchungaji alikuwa mlinzi wa duka kubwa upande wa kusini, na zamu ikianza simu zao hufungiwa kwenye kabati hadi wakati wa mapumziko. Tukakaa kwenye ngazi za jengo la watu tukisubiri mapumziko ya mlinzi. Wakati ule nilitakiwa kuwa nafungua kesi. Nilikuwa nimekunja uso hadi kichwa kinauma.

"Papa," nilimwambia, "Mungu anajua mlango umefungwa. Anajua Jumamosi ni harusi. Unadhani atakukasirikia kwa sentensi moja?"

Akacheka, kwa upole hata nikaona aibu kidogo. "Binti, mi nikikata kitambaa cha mtu fupi, mwenyewe hataona. Atavaa, atashukuru. Lakini mi nitaona. Kila siku akipita, nitaona."

Mchungaji akapiga akiwa anatafuna. Akauliza maneno yenyewe yanasemaje, nikamsomea. "Hapo jina la Mungu haliko?" Halipo. "Mkono haunyooshwi?" Haunyooshwi. "Basi ni ndiyo yake tu. Ndiyo yetu na iwe ndiyo. Mwambie ndugu athibitishe."

Tukapanda tena. Fundi akathibitisha kwa sauti ya kusikika hadi mapokezi. Yule wakili, kwa uvivu wa mtu aliyecheleweshwa, akachukua kalamu na kurekebisha ushuhuda uliochapwa chini, ambao kwa bahati ulikuwa peke yake kwenye ukurasa wa mwisho. Akakata palipoandikwa ameapa, akaandika juu yake amethibitisha, akatia herufi za jina lake kila palipokatwa, kisha muhuri. Ukurasa ulichafuka kweli, kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Lakini ulikuwa halali na ulisema kilichotokea.

Nilimwachia mkuu wangu jalada alikague, nikakimbia kuchukua namba ya kesi na kuhakikisha mwenye jengo anapelekewa notisi; hati yenyewe ningeikabidhi mahakamani Ijumaa. Nikiwa mlangoni nilimsikia akiguna.

"Huu ukurasa unakwenda mahakamani na jina letu juu yake?"

Nikamweleza habari ya kanisa, ya mchungaji na ya uthibitisho. Aliitikia huku akitafuta miwani ambayo ilikuwa shingoni kwake. Nikadhani ameelewa.

Ijumaa nililikuta jalada mezani kwangu, limefungwa vizuri, limetobolewa na kutiwa utepe, nikalibeba nikaondoka. Mama alikuwa amenisuka mistari ya kulala, ya kiheshima. Fundi alinisubiri nje ya mahakama amevaa suti aliyojishonea mwenyewe, imemkaa hata mawakili waligeuka kumtazama.

Wakili wa mwenye jengo hakuwa na hoja ya maana. Alizungumza habari za ukarabati na za mabomba. Hakimu, mama mmoja mkavu wa maneno, alimsikiliza akiwa amejishika shavu, na mimi niliposimama maneno yakatoka. Nilikuwa nafurahi, na nilijua kabisa kwamba nafurahi. Hakimu alipofika mwisho wa karatasi akauliza swali moja la uangalifu tu: mleta maombi ni mgeni, je, alitafsiriwa hati hii?

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nilimtafsiria mimi."

"Na aliiapa mbele ya kamishna wa viapo akiwa ameielewa?" Kisha, bila kungoja, akamgeukia fundi aliyekaa benchi la nyuma, akamwuliza mwenyewe kwa Kiingereza cha polepole: baba, uliapa hati hii?

Fundi akasimama. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota sokoni, lakini kilimtosha.

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi sikuapa. Mimi siapi."

Nikafunua nakala yangu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mweupe pee, umechapwa upya, bila mkwaruzo hata mmoja. Ulisema kwamba mleta maombi hana pingamizi na kuapa na kwamba ameapa. Chini yake muhuri wa yule wakili wa ng'ambo ya barabara, na sahihi yake.

Baadaye katibu wetu alinisimulia. Mkuu wangu hakupenda mikwaruzo, akamwagiza auchape tena kutoka kwenye ule ule mfano tunaoutumia siku zote, kisha akamtuma mtu avuke nao barabara, na kule ukapigwa muhuri mlangoni, kwa kuwa mteja si alishafika asubuhi? Ule uliochafuka ulitupwa kwenye mashine ya kukata karatasi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, na hadi leo linanikera.

Lakini pale mahakamani sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba wakili wa mwenye jengo alishakuwa wima, uso umemng'aa kama aliyeokota pesa. Nikaeleza kilichotokea Alhamisi, neno kwa neno. Nikaomba tupewe muda mfupi, fundi athibitishe upya mbele ya karani wa mahakama, hapo hapo chini.

"Sina tatizo na mtu asiyeapa," hakimu alisema. "Sheria inamruhusu. Tatizo langu ni muhuri unaosema aliapa. Aliyeupiga aje anieleze."

Nikatoka nje nikampigia. Alikuwa Pretoria kwenye kesi, hatarudi leo. Nikampigia mkuu wangu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ulinitaja jina?" aliuliza.

Kesi ikaahirishwa hadi Jumatatu.

Kwenye korido nilimkalia fundi kooni. Nilikuwa na hasira na mkuu wangu, na yule wakili, na hakimu, lakini hao hawakuwa karibu. "Papa, ulikuwa na neno moja tu la kusema! Ungesema ndiyo, saa hizi sherifu wa mahakama anakata kufuli!"

"Ningesema ndiyo," alinijibu, "ingekuwa hapana."

Akaninyooshea koti langu begani, maana lilikuwa limepinda, akaenda kupanda teksi. Alikwenda nyumbani kwa bwana harusi kuwaambia mwenyewe. Sikumsindikiza. Mambo aliyoambiwa huko niliyasikia Jumamosi kutoka kwa mama, aliyeamka alfajiri kuwasuka mashangazi. Bwana harusi alikodi suti iliyombana mabega. Mashangazi walivaa kila mmoja lake, na mkubwa wao alikataa kupigwa picha. Wote walishajua kisa. Kwa maneno yao, fundi aliambiwa anyooshe mkono kidogo tu, akaringa. Mchungaji alijaribu kumtetea, wakamwuliza kama yeye ndiye atakayewavalisha.

"Na wewe?" mama aliniuliza akiosha vitana. "Avoka wake hakuona karatasi?"

Nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili, nikaingia chumbani.

Jumatatu mambo yalikwisha haraka. Yule wakili alileta maelezo mafupi kwamba lilikuwa kosa la kiofisi, hakimu akamkaripia sentensi mbili, akaweka maelezo pembeni, fundi akathibitisha upya mbele ya karani, na amri ikatolewa. Nilikuwa nimeshinda kesi yangu ya kwanza. Kabla sijafika Doornfontein, mkuu wangu alishawaandikia wote ofisini kwamba mwanagenzi wetu amepata amri ya dharura, hongera.

Sherifu akakata kufuli. Ndani kulikuwa kama fundi alivyokuacha, vyerehani vimefunikwa, pasi imesimama, na ukuta mzima umetundikwa nguo za kile kitambaa kimoja, magauni, mashati, vikoti vya watoto, vyote vikisubiri Jumamosi iliyopita. Nilidhani ataangua kilio. Alipitia tu nguo moja moja akizigusa mabega.

"Ule bwana wa muhuri," alisema akiwa amenipa mgongo, "aliandika kama mi niliapa. Akijua sikuapa?"

"Akijua, papa."

"Banamufanya nini?"

"Hakuna. Ameambiwa asirudie."

Akaitikia kwa kichwa. Akashusha gauni moja, akalikung'uta vumbi, akalirudisha.

"Na wewe ukimaliza, ukiwa avoka kabisa, banakupa muhuri?"

"Ndiyo. Kila wakili anakuwa nao."

"Ya namna moja na yake?"

"Ndiyo, papa. Namna moja."

Aligeuka akanitazama. Nilingoja aseme neno, hata la kunituliza, hata la kunilaumu. Alinipa suti ya bwana harusi niishike, akaenda kufungua dirisha.